Kambi ya Usiku Kando ya Ziwa Tanganyika: Mwongozo wa Ulinzi wa Watoto kwa Walezi wa Vikundi

Likizo ya Juni ikikaribia, vikundi vya vijana hapa Kigoma huanza kuulizana kambi ya mwaka huu itakuwa wapi. Skauti, Watafuta Njia wa Kanisa la Wasabato, wanakwaya, klabu za mazingira za shule, vijana wa madrasa, wote wanataka ufukweni. Mahema yanatafutwa, michango inakusanywa, sare zinashonwa. Swali moja ndilo huachwa hadi siku ya mwisho: watoto hawa watalindwa na nani, na kwa utaratibu gani, kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza?

Mwongozo huu ni kwa mlezi anayepeleka watoto kulala usiku mmoja hadi mitatu. Nimeuandikia pwani ya Ziwa Tanganyika, lakini ukiwa na kambi ya Kasulu au Kibondo mengi yatakufaa, ila utaongeza mablanketi. Ukiusoma utaona nimerudia swali moja kila mahali: nani yuko na mtoto huyu sasa hivi? Mlezi asiyeweza kulijibu papo hapo hana kambi, ana mkusanyiko.

Hatua ya kwanza: pata wakubwa kabla ya kuandikisha watoto

Wengi huanza na idadi ya watoto, halafu wanatafuta walezi wa kutosha. Anza upande wa pili. Hesabu kwanza watu wazima ulionao kwa uhakika, kisha idadi hiyo ndiyo ikuambie utachukua watoto wangapi. Kwa watoto wa miaka 9 hadi 12, mlezi mmoja asizidishe watoto 8. Kwa vijana wa miaka 13 na kuendelea, mmoja anaweza kuangalia 10. Hata kikundi kikiwa na watoto watano tu, walezi wawe si chini ya wawili. Mmoja akimkimbiza mgonjwa zahanati, wengine wabaki na mtu. Kikundi chenye wavulana na wasichana lazima kiwe na walezi wa kiume na wa kike, na usiku wawepo wote.

Katika hesabu hiyo usimweke mama mpishi, dereva wala nahodha wa boti. Wana kazi yao. Usimweke pia yule kijana wa kidato cha tatu anayesaidia kuongoza nyimbo. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwa hiyo naye anahitaji mlezi, hata awe na ndevu.

Sasa kanuni ambayo huleta manung'uniko kuliko zote: mtu mzima yeyote asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Si kwenye hema, si kwenye gari, si njiani kwenda kununua mkaa. Akiwa na mazungumzo ya faragha na mtoto, wakae chini ya mti ambapo wengine wanawaona hata kama hawawasikii. Kanuni hii ni ya wote, pamoja na mchungaji, ustadhi, mwalimu na wewe mwenyewe uliyeitunga. Atatokea mtu wa heshima zake aseme, "Mimi ni baba yao hawa, mnanishuku?" Mjibu kwa adabu kwamba hashukiwi mtu, ndiyo maana kanuni ni ya kila mtu, na kwamba inamlinda yeye pia asije akasingiziwa. Akiendelea kukataa, mshukuru kwa nia yake njema na umwache mjini. Katika jambo hili sioni nafasi ya kuoneana aibu. Anayewadhuru watoto mara nyingi ni mtu anayeheshimika na kuaminiwa, na kuaminiwa huko ndiko kunakomfungulia mlango.

Kila mlezi wa kujitolea awe anajulikana na watu wawili wanaoweza kumzungumzia, na alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji chake. Anayejitokeza wiki ya kambi akiwa na ari kubwa na hakuna anayemjua, asaidie kubeba mizigo siku ya kuondoka, basi.

Hatua ya pili: siku na mahali

Juni ina faida ya ukavu. Desemba, likizo nyingine ya shule, ni katikati ya masika yetu huku magharibi, na radi za Kigoma si za mchezo. Ila usidhani kiangazi ni salama tupu. Miezi hiyo upepo wa kusini-mashariki hupiga ziwani kwa nguvu, na maji yaliyolala kama kioo asubuhi huwa na mawimbi makubwa mchana. Michezo ya maji na safari za boti ziwe asubuhi.

Angalia na mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuvuta samaki, hivyo kazi yao ni ya usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wengi wanapumzika na mitumbwi inakaa nchi kavu. Kambi ikiangukia siku hizo unapata mengi kwa mpigo: mwanga wa bure juu ya mahema, shughuli chache za usiku mwaloni (pale mitumbwi inapoegeshwa), na wanaume wanaolijua ziwa wakiwa nyumbani kijijini, si maili kadhaa majini.

Mahali pakague mara mbili, mchana na magharibi. Mchana utaona kivuli na maji. Jioni utaona nani hupita hapo, kilabu cha pombe kiko umbali gani, na mbu wanatokea upande upi. Epuka midomo ya mito, kama Luiche kusini mwa Ujiji au Malagarasi kule chini, na popote penye matete, maana mamba na viboko hukaa huko. Usisimamishe hema chini ya mti mkubwa uliosimama peke yake, wala kwenye mkondo wa maji ya mvua hata kama umekauka. Tafuta pia ni wapi simu inashika mtandao. Mara nyingine ni juu ya jiwe fulani tu, na walezi wote walijue jiwe hilo kabla giza halijaingia.

Halafu nenda kwa wenyeji. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji wapate barua yenye tarehe, idadi na majina ya viongozi. Pita kwa viongozi wa mwalo, wale wa BMU (kikundi cha wenyeji kinachosimamia mwalo na uvuvi), kwa sababu wao ndio watakaokuambia ukweli ambao hauko kwenye ramani: ufukwe upi una mamba, wapi chini panakatika ghafla, nani ana boti yenye injini inayowaka kwa kuvuta mara moja. Kama ni wanafunzi, mkuu wa shule afuatilie kibali cha halmashauri mapema. Gombe iacheni kwa vikundi vilivyozoea. Kunafikika kwa boti tu, ni hifadhi yenye taratibu zake, na kwa kambi ya kwanza umbali huo na maji hayo ni mzigo usio wa lazima.

Hatua ya tatu: fomu ya mzazi

Karatasi moja yatosha, lakini ijazwe na mzazi akiwa mbele yako, siyo mtoto kuirudisha na sahihi. Namba za simu za watu wazima wawili, siyo mmoja. Bima kama anayo. Dawa anazotumia, na zije zikiwa na jina lake zikabidhiwe kwa mlezi mmoja wa afya. Kisha uliza ana kwa ana maswali ambayo watu hawapendi kuyaandika: ana kifafa? Pumu? Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali kwa sababu ya baridi na kukosa maji mwilini, kwa hiyo usiku wa Juni kando ya ziwa apewe blanketi la ziada na asisahaulike kunywa maji.

Uliza kama bado anakojoa kitandani. Mzazi akiona aibu, mwambie kambi ya vijana haikosi mtoto wa hivyo. Huyo unamtandikia nailoni chini ya shuka, unamwamsha saa tano usiku kimya kimya, na asubuhi shuka linaanikwa pamoja na mengine mengi ili lisijulikane ni la nani. Wasichana nao waambiwe mapema kwamba dada mlezi ana boksi la pedi, na kwamba hakuna haja ya kueleza chochote, ni kuja tu na kuchukua.

Mtoto mwenye ualbino apate kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, hema lake liwe katikati ya kambi, na mpangilio wake wa ulinzi mzungumze na wazazi wake kabla ya safari. Kwa historia ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino katika mikoa yetu ya magharibi na ya kanda ya ziwa, hilo si la kuliacha.

Hatua ya nne: majini

Tanganyika ina kina cha mita zipatazo 1,470 sehemu yake ya ndani kabisa, ni la pili kwa kina duniani. Namba hiyo yenyewe haimzamishi mtoto. Kinachomzamisha ni kwamba sehemu nyingi za ufukwe wetu chini hukatika hatua chache tu kutoka ukingoni: hapa maji yamefika kiunoni, hatua mbili mbele hayana mwisho. Kwa hiyo mlezi anayejua kuogelea aingie kwanza apime kwa miguu yake, kisha eneo liwekewe mpaka kwa kamba yenye madumu matupu yaliyofungwa vizuri. Mpaka uwe mahali ambapo mfupi kuliko wote maji yanamfika kifuani.

Watoto waingie kwa zamu, si wote pamoja. Kila mmoja ana mwenzake, na filimbi ikilia kila baada ya dakika kumi, wenza washikane mikono na kuinua juu. Mkono usio na mwenzake unaonekana mara moja. Walezi wawili wabaki nchi kavu, bila simu mkononi, bila kupiga soga, macho majini. Wabadilishwe kila nusu saa kwa sababu jua na mng'ao wa maji huchosha macho. Saa kumi na moja jioni ziwa limefungwa. Hakuna kuoga gizani, hakuna kuosha vyombo majini gizani.

Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa kinalala nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, mikono inasukuma maji kama anayepanda ngazi, na ndani ya dakika moja ametulia. Watoto wote wafundishwe siku ya kwanza: usimrukie mwenzako, atakung'ang'ania mzame wote. Piga kelele, mnyooshee fimbo ndefu, au mrushie dumu. Dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kilichokazwa na kamba ya mita 15 liwe limekaa ukingoni muda wote, na mtu asilichukue kwenda kuchotea maji ya chai. Huo ndio uokoaji wa bei nafuu kuliko wote na unafanya kazi kweli.

Aliyetolewa majini akiwa hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumkandamiza tumbo. Mlaze chali mahali pagumu, mpulizie pumzi tano mdomoni, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa kasi, pumzi mbili, tena 30, usiache hadi apumue au msaada ufike. Angalau walezi wawili wawe wamefundishwa hili kwa vitendo kabla ya kambi. Zahanati nyingi zina mhudumu atakayekubali kutumia alasiri moja kwa ajili hiyo mkimwomba vizuri.

Safari yoyote ya boti: jaketi okozi kwa kila kichwa, limefungwa kabla ya kupanda, na saizi ya mtoto kwa mtoto. Nahodha akisema "ni hapo tu, mwendo mfupi", mshukuru, tafuteni mwingine.

Hatua ya tano: usiku

Mahema yapangwe kabla jua halijazama. Wavulana upande mmoja, wasichana upande wa pili, hema za walezi katikati na pembeni ili yeyote anayetoka apite mbele ya mtu mzima. Mlezi halali ndani ya hema la watoto. Watoto wa miaka tisa wasichanganywe na wa miaka kumi na sita. Kila hema liwe na chandarua chenye dawa au wavu mzima usiotoboka, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana nge hupenda humo.

Hesabu ya usiku ndiyo watu huifanya ovyo. Mlezi anasimama katikati ya mahema, anaita majina, sauti zinajibu "Nipo!" kutoka gizani, anafunga daftari na kwenda kunywa chai. Watoto si wajinga. Rafiki hujibu kwa niaba ya rafiki, na wa tatu hubana pua abadilishe sauti. Kwa hiyo hesabu si kwa masikio. Mlezi wa kike kwa wasichana, wa kiume kwa wavulana, wawili wawili, wabishe hodi mlangoni, wafungue zipu, wamulike miguuni na siyo usoni, wahesabu vichwa, waandike namba na saa. Hesabu ya kwanza ni saa tatu usiku, ya pili baada ya taa kuzimwa, ya tatu usiku wa manane, ya nne alfajiri. Daftari ni moja tu na mwenye zamu ndiye analishika.

Zamu ziwe mbili: saa nne hadi saa nane, saa nane hadi saa kumi na mbili, watu wazima wawili kila zamu, macho, wakiwa wamevaa viatu. Anayelinda usiku asipangiwe kusimamia kuogelea asubuhi. Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea hesabu ya walezi: mchana wanatosha, ukitoa waliokesha hawatoshi tena. Mlinzi wa kukodi mwenye rungu ni wa kuongezea, hachukui nafasi ya zamu.

Chooni haendi mtu peke yake. Watoto waende wawili au watatu, wamwambie mlezi wa zamu, mlezi wa jinsia yao awasindikize na kusubiri mahali anapoona mlango, siyo kuingia. Njia ya chooni iwekewe taa za sola au chupa zenye mchanga zilizofungwa vitambaa vyeupe. Mtoto akiogopa kwenda, atajibana hadi asubuhi au atajisaidia nyuma ya hema, na hapo ndipo huwa na nyoka.

Mtoto asipoonekana kwenye hesabu, usianze na mwenzake wa hema kumhoji kwa dakika kumi. Filimbi tatu ndefu, kila mtu ajikusanye katikati, mlezi mmoja awahesabu upya. Wawili waende moja kwa moja majini. Maji kwanza, siku zote, hata kama una hakika amekwenda dukani, maana dukani atasubiri, majini hatasubiri. Wawili wengine chooni na njiani. Dakika 15 zikipita, mwenyekiti wa kitongoji aamshwe, polisi wapigiwe 112, na mzazi aambiwe. Ndiyo, mzazi aambiwe usiku huo huo. Afadhali ulaumiwe kwa kumkatiza usingizi.

Simu za watoto zikae kwa mlezi baada ya saa tatu. Na walezi wenyewe wajizuie: hakuna kupiga picha watoto wakioga au wamevaa nguo za kulalia, hakuna kurusha picha kwenye kundi la WhatsApp zikionyesha kambi iko wapi kabla haijavunjwa.

Moto, chakula na maji ya kunywa

Mafiga yawe mbali na mahema, upande upepo unakoelekea, na ndoo ya mchanga na ya maji zikae hapo hapo. Namba ya zimamoto ni 114, ila kwa kambi iliyo mbali na mji, ndoo ndiyo itakayowahi. Jiko la mkaa lisiingie hemani kamwe, hata likionekana limekufa, hata kwa dakika tano za kupasha joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na waliolala hawaamki. Vibatari na mishumaa navyo vibaki nje.

Migebuka (samaki wa ziwa hili) ya mawese ni chakula cha kambi kisicho na mpinzani, lakini mabaki yake huita nyani, siafu na mbwa wa kijiji. Yafukiwe mbali au yachomwe kabla ya kulala, na hakuna chakula ndani ya hema. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama ziwa linaonekana safi hadi chini. Maji na sabuni ya kunawa viwe kando ya choo na kando ya jiko.

Mtu akiugua

Homa ya usiku wa kwanza haikutoka kambini, mtoto amekuja nayo. Malaria huchukua siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu. Kwa hiyo usimpe panadoli na kusema ni uchovu wa safari, apelekwe kupimwa. Usafiri wa dharura uwe umekaa kambini au umelipwa usubiri kijijini, na mkubaliane mapema ni zahanati ipi na, hali ikiwa mbaya, jinsi ya kufika Hospitali ya Maweni mjini. Akiharisha, ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, ichanganywe kwa lita moja ya maji salama. Ikiisha, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita, kijiko kikiwa cha kusawazishwa.

Akiumwa na nyoka, mtulize asitembee, kiungo kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe, aende hospitali. Usichanje, usifyonze, usikaze kamba, usipoteze muda na jiwe la nyoka.

Mtoto akikwambia jambo

Akikwambia kuna mtu amemshika vibaya, msikilize, usimhoji kama mahakama, mwambie amefanya vema kusema. Usimwahidi kwamba utaficha. Anayetajwa aondolewe kwa watoto mara hiyo hiyo, awe nani. Mpigie mzazi, isipokuwa kama mzazi ndiye anayetajwa, piga simu ya watoto namba 116, ambayo ni bure, na toeni taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Kama ameingiliwa, afike hospitali haraka, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda huo; nguo alizovaa zisifuliwe. Wazee watakuja na pendekezo la kuyamaliza nyumbani, faini ya mbuzi na kupeana mikono. Alichofanyiwa mtoto ni kosa la jinai na kikao cha ukoo hakina mamlaka nalo.

Kuvunja kambi

Saa za mwisho zina hatari zake: kila mtu anabeba kitu, kamba ya ziwani imeshafunguliwa, na watoto wanataka kujitosa mara ya mwisho. Ziwa lifungwe kabla ya kushusha hema la kwanza. Hesabu kabla ya kupanda gari, hesabu baada ya kupanda, hesabu mkifika. Mtoto akabidhiwe kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu, asiachwe kituoni achukue bodaboda mwenyewe.

Wakati wa kumkabidhi, mpe mzazi kikaratasi kifupi: alilala ziwani tarehe fulani, aliogelea ama hakuogelea. Homa ikimpata ndani ya wiki mbili tatu, amwonyeshe daktari kikaratasi hicho na apimwe malaria. Na kama aliogelea, apimwe kichocho baada ya miezi miwili hata kama haumwi chochote.